Kukokotoa 2 kwa kipeo chochote katika lugha ya C

Gonga noti A iliyo juu ya noti C ya katikati kwenye kinanda: hewa inatikisika mara 440 kwa sekunde. Panda oktavu moja, inakuwa 880. Shuka moja, 220. Kila oktavu ni kuzidisha au kugawa kwa 2, na ndani yake mna ngazi 12 zenye uwiano sawa. Kwa hiyo ukitoka ngazi moja kwenda inayofuata unazidisha kwa 2 iliyopandishwa kipeo cha 1/12, yaani 1.05946 na ushee. Anayeandika programu ya kinanda kwa lugha ya C atakutana na swali hili siku ya kwanza: nitapataje 2 kwa kipeo ambacho si namba kamili?

Swali hilohilo linamngoja anayehesabu teknetiamu-99m (elementi yenye mionzi) iliyobaki baada ya muda fulani, maana hupungua kwa nusu kila baada ya saa 6 hivi. Linamngoja pia anayeandika programu ya kamera, ambako kila stopu ya mwanga ni mara mbili ya iliyotangulia. Jibu lipo kwenye maktaba ya kawaida ya hisabati tangu C99 (kiwango cha C cha mwaka 1999), nalo ni fankisheni `exp2`. Lakini `exp2` si jibu la kila kipeo cha 2. Makosa mengi niliyoyaona, na niliyoyafanya, yalitokana na kuchagua chombo kabla ya kukitazama vizuri kipeo chenyewe. Ndiyo maana naanzia hapo.

Hatua ya 1: Tazama kipeo chako

Kwanza kabisa, alama ya `^` katika C haipandishi kipeo. Ni XOR ya biti (hulinganisha biti za namba mbili na kuweka 1 pale zinapotofautiana), na `2^10` inakupa 8. Kompaila za sasa hutoa onyo zikikuta hilo. Za zamani zilinyamaza kimya.

Kama kipeo ni namba kamili isiyo hasi, na jibu unalitaka liwe namba kamili, sogeza biti:

```c
uint64_t y = UINT64_C(1) << n;   /* n kuanzia 0 hadi 63 */
```

Ukiandika `1 << n` tupu, ile 1 ni `int`. Kwenye mashine nyingi `int` ina biti 32, na n ikifika 31 umeshatoka nje ya sheria za lugha. Usitegemee kupata sifuri: kwenye x86, kusogeza kwa 32 kupitia kigeu mara nyingi hurudisha 1, na hitilafu ya namna hiyo inaweza kujificha miezi kadhaa. Programu inayosubiri sekunde 1, 2, 4, 8 kabla ya kujaribu tena kuunganisha mtandao inaishia hapa. Haihitaji maktaba ya hisabati.

Kama kipeo ni namba kamili lakini kinaweza kuwa hasi au kuzidi 63, na jibu ni `double` (namba ya desimali ya biti 64), tumia `ldexp(1.0, n)`. Fankisheni hii inaongeza n kwenye sehemu ya kipeo ya namba ya desimali na kukurudishia, bila makadirio. Imekuwepo tangu C89.

Kipeo kikiwa na desimali, ndipo zamu ya `exp2` inapofika.

Hatua ya 2: Programu ya kwanza, na mtego wa `-lm`

```c
#include <stdio.h>
#include <math.h>

int main(void)
{
    double x;
    while (scanf("%lf", &x) == 1)
        printf("2 kwa kipeo %g = %.17g\n", x, exp2(x));
    return 0;
}
```

Kwenye Linux iunganishe hivi:

```
gcc -Wall -O2 kipeo.c -o kipeo -lm
```

Hiyo `-lm` inaomba maktaba ya hisabati, na iweke mwishoni, baada ya jina la faili. Ikitangulia, kwenye Ubuntu na jamaa zake kiunganishi huiona bado haijahitajika, hukiacha kilichomo, kisha hulalamika `undefined reference to 'exp2'`.

Kuna jambo linalowachanganya wanaoanza. Ukiandika `exp2(10.0)`, namba ikiwa imetajwa waziwazi, GCC huikokotoa yenyewe wakati wa kukompaili na kuweka 1024 moja kwa moja. Programu inaungana vizuri bila `-lm`. Kesho yake unabadilisha 10.0 kuwa kigeu `x`, na ghafla haiungani tena. Hukuharibu kitu. Ni mara ya kwanza tu ambapo fankisheni yenyewe imeitwa kweli.

Usisahau `#include <math.h>`. Kwa sheria za zamani za C, fankisheni isiyotangazwa ilichukuliwa kuwa inarudisha `int`, na ulipata takataka iliyovaa sura ya namba. Kuanzia GCC 14 hilo ni kosa linalozuia kukompaili, na ni mabadiliko mazuri sana.

Ninatumia `%.17g` kwa sababu tarakimu 17 zinatosha kuitambulisha `double` yoyote bila utata. `%f` ya kawaida huonyesha tarakimu 6 baada ya nukta, na kwa 2 kwa kipeo cha -30 utaona sifuri tupu wakati jibu lipo.

Hatua ya 3: Jedwali la noti

Katika MIDI, mfumo wa vinanda na kompyuta kupashana noti, noti zimepewa namba, na A ya 440 ni namba 69. Kwa hiyo:

```c
double frikwensi(int noti)
{
    return 440.0 * exp2((noti - 69) / 12.0);
}
```

Itazame ile `.0` baada ya 12. Mara ya kwanza nilipoandika mstari huu niliandika `/ 12`, na kinanda changu kilitoa sauti moja kila nilipobonyeza. Nilihangaika jioni nzima na sehemu ya sauti: spika, bafa, kasi ya sampuli, kila kitu isipokuwa mstari uliokuwa na kosa. Tatizo lilikuwa kwamba `noti - 69` ni `int`, 12 ni `int`, na C hugawa namba kamili kwa kutupa baki. Kila noti kuanzia 58 hadi 80 iligawanyika ikatoa 0, na 2 kwa kipeo cha 0 ni 1, kwa hiyo noti 23 mfululizo zililia 440. `exp2` hupokea `double` na hubadilisha chochote ulichompa, lakini mabadiliko hayo huja baada ya kugawa. Baki limeshatupwa.

Ikiwa sawa, jedwali linatoka hivi:

```
57   220.0000
60   261.6256
64   329.6276
69   440.0000
72   523.2511
```

Ukitaka kwenda zaidi ya ngazi 12, usiandike fankisheni nyingine kwa kila mpangilio. Wanamuziki hugawa oktavu katika senti 1200, na fankisheni inayopokea senti kwa `double` inatosha mipangilio yote:

```c
double uwiano(double senti)
{
    return exp2(senti / 1200.0);
}
```

Robo toni ni senti 50, na `uwiano(50)` ni takriban 1.0293. Nalisema hili nikiwa na taarab kichwani. Sauti za maqamu (mipangilio ya noti ya muziki wa Kiarabu) zinazopigwa kwa ala za kanuni na udi hazikai zote kwenye vibonyezo 12 vya kinanda, na mpigaji hasimami kwenye senti 50 kamili pia. Huenda chini au juu kidogo kufuata maqamu na mkono wake. Anayetengeneza kinanda cha kupigia taarab anahitaji kuweka senti 43 au 61 jinsi sikio linavyotaka, na hapo kipeo chenye desimali ndicho kinachokuachia nafasi hiyo. Jedwali la noti 12 lililoandikwa kwa mkono haliachi.

Kwa teknetiamu ni kazi ileile, kipeo kikiwa hasi: `kiasi * exp2(-saa / 6.01)`. Wengi wamezoea `exp(-0.693 * t / T)`, na ile 0.693 ni logi asilia ya 2 iliyokatwa. Ukitumia `exp2` huna haja nayo, na mstari unasomeka kama maneno yenyewe: gawa kwa nusu mara kadhaa.

Hatua ya 4: Ijue mipaka

`double` ya IEEE 754, kiwango cha namba za desimali kwenye kompyuta, ina mipaka unayoweza kuikariri.

`exp2(1023)` inatoa takriban 8.99 mara 10 kwa kipeo cha 307, na `exp2(1023.9999)` bado inaingia. `exp2(1024)` inafurika: jibu ni `inf`, yaani isiyo na mwisho. Chini, `exp2(-1022)` ndiyo namba ndogo kabisa ya kawaida, ileile inayoitwa `DBL_MIN`. Ukizidi kushuka unaingia kwenye namba dhaifu, ambazo hupoteza biti za usahihi kadiri unavyoteremka, hadi `exp2(-1074)`, iliyobaki na biti moja tu. `exp2(-1075)` ni sifuri.

Kwa `float` na `exp2f`, kufurika kunaanzia 128 na biti ya mwisho ipo kwenye -149.

`exp2` ya sifuri ni 1, iwe sifuri chanya au hasi. Ukimpa `-inf` anarudisha 0, ukimpa `inf` anarudisha `inf`, na NaN (alama ya "si namba") inabaki NaN.

Vitabu vingi vinakuelekeza uangalie `errno` (kigeu ambamo maktaba huandika aina ya kosa) ikiwa `ERANGE`, yaani jibu limevuka mipaka. Kwenye glibc, maktaba ya C ya mifumo mingi ya Linux, inafanya kazi. Kwenye macOS na musl (maktaba nyingine ya C) fankisheni za hisabati hazigusi `errno` kabisa, na programu yako itaamini kila kitu ni salama. Mimi huuliza jibu lenyewe:

```c
double y = exp2(x);
if (isfinite(x) && isinf(y)) {
    fprintf(stderr, "kipeo %g ni kikubwa mno\n", x);
    return -1;
}
```

Sharti la `isfinite(x)` linatofautisha aliyetuletea `inf` mwenyewe na aliyefurika njiani. Ukikompaili kwa `-ffast-math`, hata ukaguzi huu unaweza kufutwa, kwa sababu umeiambia kompaila kwamba `inf` na NaN hazitatokea kamwe.

Hatua ya 5: Elewa kinachofanyika ndani

Sehemu hii unaweza kuiruka na programu yako ikafanya kazi. Ninakusihi usiiruke, maana ukishaiona, mipaka na makosa yote yaliyotajwa hapa yanaeleweka yenyewe.

Namba ya `double` imehifadhiwa kama mantisa (tarakimu zenyewe) mara 2 kwa kipeo fulani. Mashine tayari inawaza kwa vipeo vya 2. Kwa hiyo chukua x na uigawe vipande viwili: namba kamili k iliyo karibu nayo, na kilichobaki r, kati ya -0.5 na 0.5. Kwa x = 10.3, k ni 10 na r ni 0.3. Sehemu ya k haihitaji hesabu. Ni kuiandika kwenye nafasi ya kipeo. Kazi halisi ni 2 kwa kipeo cha 0.3, ambayo ni 1.23114. Zidisha kwa 1024, unapata 1260.69.

Nayo 2 kwa kipeo cha r, kwa kuwa r ni ndogo, inapatikana kwa polinomia fupi:

```c
double kipeo2(double x)
{
    double k = nearbyint(x);
    double t = (x - k) * 0.69314718055994530942;
    double p = 1 + t*(1 + t*(1/2.0 + t*(1/6.0 + t*(1/24.0
             + t*(1/120.0 + t*(1/720.0 + t/5040.0))))));
    return ldexp(p, (int)k);
}
```

Kutoa k kwenye x hakupotezi biti hata moja. Kisha r inazidishwa kwa logi asilia ya 2 ili tutumie mfululizo wa e, na t haizidi 0.3466. Neno la kwanza tuliloliacha ni t kwa kipeo cha 8 gawa kwa 40320, kwa hiyo kosa kubwa kabisa ni kama 5 kwa bilioni. Kwa kinanda inatosha na kubaki. Kwa maktaba ya kawaida haitoshi hata kidogo. Na usiitumie bila ulinzi: ukimpa NaN au x kubwa mno, kule kubadilisha k kuwa `int` hakuna sheria inayokulinda.

Maktaba ya glibc, tangu toleo la 2.28 la mwaka 2018, hutumia njia hii kwa ustadi zaidi. Badala ya kukata kwenye namba kamili tu, inakata oktavu nzima katika ngazi 128 ambazo majibu yake yamehifadhiwa kwenye jedwali. Baki linakuwa dogo sana, si zaidi ya 1/256 kila upande, na polinomia ya digrii ya 5 inalimaliza kwa kosa linalozidi kidogo tu nusu ya biti ya mwisho. Msimbo huo ulitoka Arm, na ni wazi kuusoma. Mwanamuziki ataona papo hapo kwamba ni kinanda chenye vibonyezo 128 kwa kila oktavu.

Sasa utaona kwa nini `exp(x * log(2))` si mbadala mzuri. x ikiwa 1000, zao ni 693.147, na namba za `double` za eneo hilo zimepishana kwa takriban 1.1 mara 10 kwa kipeo cha -13. Kosa la kukadiria zao hilo linahamia lote kwenye jibu. Ulikuwa na tarakimu 16 za kuaminika, unabaki na 13 hivi. `exp2` hukata 1000 moja kwa moja, baki ni sifuri, hakuna kinachopotea.

`pow(2.0, x)` ni sahihi, ila inafanya kazi ya ziada ya kutafuta logi ya msingi ambao wewe tayari unajua ni 2. Clang ikiona 2.0 pale huweza kuibadilisha kuwa `exp2` yenyewe. Andika unachomaanisha.

Kwenye vidhibiti vidogo kama ESP32 ya awali na vingi vya Cortex-M4, kitengo cha desimali kinashughulikia `float` peke yake, na `double` hukokotolewa polepole kwa programu. Huko tumia `exp2f`, na uandike `12.0f`, si `12.0`.

Hatua ya 6: Sehemu tatu ambako `exp2` itakuangusha

Ya kwanza ni kutafuta kipeo cha 2 kilicho sawa na n au kinachofuata, mathalani ukitaka kupanga ukubwa wa bafa. Wengi huandika `exp2(ceil(log2(n)))`. Inafanya kazi, inafanya kazi, hadi n ifike 562949953421313, yaani 2 kwa kipeo cha 49 jumlisha 1. Logi yake inazidi 49 kwa kiasi kidogo kuliko nusu ya pengo kati ya `double` mbili za jirani, kwa hiyo inarudi kuwa 49 kamili, `ceil` haina cha kupandisha, na bafa yako inatoka ndogo kuliko data. Fanya kwa biti:

```c
uint64_t p = 1;
while (p < n && p < (UINT64_C(1) << 63))
    p <<= 1;
```

Ikiwa kompaila na maktaba yako vina `<stdbit.h>` ya C23, `stdc_bit_ceil` ipo kwa kazi hiyohiyo.

Ya pili: `exp2(64) - 1` haikupi 18446744073709551615. Inakupa 18446744073709551616, kwa kuwa chini kidogo ya 2 kwa kipeo cha 64 `double` zimepishana kwa 2048, na 1 haina pa kukaa. Kuibadilisha 2 kwa kipeo cha 64 kuwa `uint64_t` ni kosa la kisheria pia. Tumia `UINT64_MAX`.

Ya tatu ni 2 kwa kipeo kidogo sana, toa 1. Kwa x ya 1e-10, `exp2(x) - 1` inabaki na tarakimu 6 hivi za kweli. Nyingine zilimezwa na ile 1. Andika `expm1(x * 0.69314718055994530942)`. C23 imeongeza `exp2m1` kwa kazi hiyo, lakini hakikisha maktaba yako imeshaileta.

Hatua ya 7: Pima kwenye mashine yako

Kiwango cha C hakiwaamrishi watengenezaji wa maktaba wawe na usahihi gani. Kwa hiyo usichukue neno langu kuhusu glibc ukalipeleka kwenye kidhibiti chako. Pima:

```c
for (int n = -1074; n <= 1023; n++)
    if (exp2(n) != ldexp(1.0, n))
        printf("tofauti kwenye %d: %a\n", n, exp2(n));
```

Hapa `==` na `!=` kwa desimali ni halali kabisa, kwa sababu majibu yote yanapaswa kuwa kamili. Hakikisha hukompaili kwa `-ffast-math`, la sivyo namba dhaifu zinaweza kugeuzwa sifuri na utalaumu maktaba bure.

Ile `%a` huonyesha namba kwa hesabu ya 16 pamoja na kipeo chake cha 2. Kwa n = 10, jibu kamili huandikwa `0x1p+10`. Ukiona `0x1.fffffffffffffp+9`, maktaba yako imekosea kwa biti moja ya mwisho, na ukigeuza namba hiyo kuwa `int` utapata 1023.